The Cramps, bendi ya vipuri vya kuokota

Kama ulikuwa na simu na bando mwishoni mwa mwaka 2022, ile dansi ya Wednesday lazima uliiona. Binti wa ukoo wa Addams, nywele kazisuka mikia miwili, uso haujui tabasamu, yuko katikati ya ukumbi wa shule anarusha mikono na kukunja shingo kama mtu aliyepandwa na mashetani. Tamthilia ilianza kuonyeshwa Novemba, na kabla ya mwaka kwisha watu dunia nzima walikuwa wameshaiga. Tatizo ni moja. Wengi wao waliicheza kwa wimbo ambao haumo kabisa kwenye ile tamthilia. Watu wa TikTok waliuchomoa wimbo wenyewe, wakapachika Bloody Mary wa Lady Gaga ulioongezwa kasi, na huo ndio uliosambaa.

Wimbo uliomo kwenye tamthilia unaitwa Goo Goo Muck. Umepigwa na bendi ya Kimarekani, The Cramps, mwaka 1981. Haya, kabla hatujawaonea huruma The Cramps kwa kuporwa wimbo wao, turudi nyuma hatua moja zaidi: nao hawakuutunga. Uliimbwa kwanza mwaka 1962 na Ronnie Cook and the Gaylads, kwenye santuri ndogo iliyopita kama upepo, hakuna aliyegeuka kuitazama.

Nimekuwa nikiisikiliza bendi hii usiku kwa wiki kadhaa sasa, na karibu kila wimbo wao ninaougusa nakuta kuna mtu mwingine kakaa nyuma yake gizani. Hicho ndicho ninachotaka kuwasimulia. Visa vya mastaa wa rock na madawa yao mmeshavisoma vya kutosha. Hiki ni kisa cha watu wawili, mwanamume na mwanamke, waliookota muziki uliotupwa na nchi yao, wakaishi nao miaka zaidi ya thelathini.

Kwanza turudi darasani kidogo. Rockabilly ni nini? Nusu ya jina imetoka kwenye rock and roll, nusu nyingine kwenye hillbilly, jina la kejeli wanaloitwa Wazungu maskini wa milimani huko Marekani. Washamba, kwa lugha ya mtaani. Vyombo ni vichache: gitaa la umeme, gitaa la kawaida la kukung'uta, na lile besi kubwa la mbao ambalo mtu hulipiga akiwa amesimama. Mpigaji havuti nyuzi tu, anazichapa mpaka zinagonga mbao. Juu ya sauti ya mwimbaji unawekwa mwangwi mfupi, kana kwamba anaimba ndani ya pipa.

Simulizi nyingi huanzia Memphis, Julai 1954, katika studio ya Sam Phillips, pale kijana wa miaka 19 aitwaye Elvis Presley alipoimba That's All Right. Ni kweli, ila wimbo ule ulikuwa wa Arthur Crudup, mwimbaji mweusi wa blues, aliyekuwa ameshaurekodi miaka ya arobaini. Elvis akawa mfalme. Crudup alifariki mwaka 1974 bila kulipwa mirabaha aliyostahili. Tuliweke hilo akilini, litarudi.

Rockabilly haikudumu. Mwaka 1958 Elvis aliitwa jeshini, na makampuni makubwa yakawa yanataka vijana wasafi wenye sauti laini. Lakini katika ile miaka michache, kila mji mdogo ulikuwa na kijana mwenye gitaa na kila mwenye mashine ya kurekodi alikuwa na lebo yake. Zilitoka santuri ndogo nyingi mno, nyingine nakala mia chache tu. Hazikuuzwa. Zikaishia kwenye maboksi, kwenye magereji, kwenye maduka ya vitu chakavu. Ni mitumba ya muziki, na kama mitumba yoyote, ilihitaji mtu mwenye jicho la kuchambua.

Mtu huyo, au tuseme watu hao, walikutana mwaka 1972 mjini Sacramento, California. Kristy Wallace, msichana wa miaka 19, alikuwa barabarani akiomba lifti. Aliyesimama kumpakia alikuwa Erick Purkhiser, kijana wa miaka 25 kutoka Ohio. Baadaye wakajikuta tena kwenye chuo kimoja, darasa moja, na somo lenyewe lilikuwa la sanaa na uganga. Sikutunga, wameeleza wenyewe mara nyingi. Wakaanza kuishi pamoja na kukusanya santuri kuukuu pamoja. Hawakuachana tena.

Majina ya jukwaani yalikuja baadaye kidogo. Kijana akajiita Lux Interior, jina alilolitoa kwenye tangazo la zamani la gari lililokuwa linasifia viti na mapambo ya ndani. Msichana akasema jina lake lilimjia ndotoni: Poison Ivy Rorschach. Poison ivy ni mmea wa Marekani unaowasha ukiugusa. Tungekuwa sisi tungemwita Bibi Upupu.

Mwaka 1973 walihamia Ohio, kwao Lux. Alikuwa amekulia Stow, pembeni ya Akron, mji wa viwanda vya matairi, na ukitaka kumwelewa mtu huyu huna budi kujua alisikiliza nini akiwa mtoto. Mwishoni mwa miaka ya hamsini kulikuwa na mtangazaji wa redio mjini Cleveland aliyejiita Mad Daddy, aliyekuwa akitangaza kwa vina, akicheka kama jini na kupiga santuri ambazo wenzake hawakuzigusa. Halafu kati ya 1963 na 1966 akaja Ghoulardi kwenye televisheni. Kazi yake ilikuwa kuonyesha filamu za kutisha za bei rahisi usiku, na badala ya kuzisifia alikuwa anazikejeli, anaingiza sauti na vichekesho katikati ya filamu. Mtoto wa Akron akakua akiamini kwamba takataka inaweza kupendwa kuliko dhahabu, ilimradi uipende kwa moyo mmoja. The Cramps baadaye walimtungia Mad Daddy wimbo, na albamu yao ya 1990, Stay Sick!, ilichukua jina lake kwenye msemo wa Ghoulardi.

Mwaka 1975 wakahamia New York, mji uliokuwa karibu kufilisika, uhalifu juu, pango la nyumba chini. Lux akapata kazi kwenye duka la santuri, na hapo akakutana na Greg Beckerleg, kijana kutoka Detroit mwenye uso wa kutisha watoto, ambaye naye akabadili jina akawa Bryan Gregory. Hakuwa mpiga gitaa. Hakuna aliyejali. Dada yake ndiye aliyeanza kwenye drams, akafuatiwa na Miriam Linna, msichana wa Ohio ambaye tutakutana naye tena. Novemba 1976 walipanda jukwaa la CBGB kwa mara ya kwanza, klabu ile ile iliyowalea Ramones.

Sasa tazama walichofanya. Bendi ina magitaa mawili, drams na mwimbaji. Besi hakuna! Rockabilly ambayo moyo wake ni besi la kuchapwa, hawa wakaukata moyo wakaendelea kutembea. Gitaa la Gregory liliunguruma kama spika iliyopasuka, la Ivy likatetemeka juu yake kwa sauti ya filamu za majini. Muziki ukawa na shimo katikati, na shimo lile ndilo linalokufanya usikie baridi mgongoni. Mpaka leo ukisikiliza rekodi zao za mwanzo unahisi kuna kitu kimekosekana chumbani na hujui ni nini.

Kwenye matangazo yao ya karatasi, yale ya kubandika ukutani, waliandika neno psychobilly. Hawakulibuni. Mwaka huo huo 1976 Johnny Cash alitoa wimbo One Piece at a Time, uliotungwa na Wayne Kemp, kuhusu fundi wa kiwanda cha magari anayeiba Cadillac kipuri kimoja kimoja kwa miaka mingi, na siku anapoviunganisha anapata gari la ajabu ambalo kila kiungo ni cha mwaka wake. Gari hilo ndilo linaloitwa kwa neno hilo ndani ya wimbo. Lux na Ivy waliliona wakalichukua, na baadaye wakasema walikuwa wanapiga debe tu, kama wapiga debe wa maonyesho ya mazingaombwe, hawakuwa wanautaja mtindo wa muziki. Mimi naona walijitabiria bila kujua. Bendi yao ndiyo lile gari.

Mwaka 1977 Linna aliondoka, akaingia Nick Knox kutoka Cleveland, mtu wa miwani myeusi asiyecheka, aliyekaa kwenye drams miaka kumi na minne. Mwaka huo huo walikwenda Memphis kurekodi na Alex Chilton, ambaye akiwa na miaka 16 alikuwa ameimba The Letter na Box Tops, wimbo ulioshika namba moja Marekani mwaka 1967. Zikatoka santuri ndogo mbili mwaka 1978 kwa lebo yao wenyewe, Vengeance. Wimbo wao wa kutunga kati ya hizo ulikuwa Human Fly. Nyingine zilikuwa za kuokota: mmoja wa Jack Scott, mmoja wa Roy Orbison enzi zake za Memphis, na Surfin' Bird wa Trashmen. Huu wa mwisho una kichekesho chake, maana hao Trashmen wenyewe walikuwa wameuunga kutoka nyimbo mbili za Rivingtons, kundi la weusi la Los Angeles. Kipuri juu ya kipuri.

Hapa naomba tusimame, kwa sababu kuna siku moja ambayo nimeitazama kwenye video mara nyingi kuliko ninavyopaswa kukiri. Tarehe 13 Juni 1978, The Cramps walikwenda kupiga bure katika Hospitali ya Napa, California, hospitali ya serikali ya wagonjwa wa akili. Walikuwa na bendi nyingine, The Mutants wa San Francisco. Vijana wa Target Video walibeba kamera, na kilichobaki ni kama dakika ishirini za picha ya rangi nyeusi na nyeupe, chafu, inayotikisika.

Hakuna jukwaa la maana. Hakuna ulinzi kati ya bendi na watu. Lux anawaambia ameambiwa kwamba wao ni vichaa, lakini yeye haoni hivyo. Halafu muziki unaanza na wagonjwa wanakuja mbele. Mmoja anazunguka mahali pamoja. Mwanamke anamkumbatia Lux shingoni huku akiimba. Mwingine anashika kipaza sauti na kupiga kelele zake, na Lux hampokonyi, anamwachia, anainama wanapiga kelele pamoja. Kuna wakati huwezi kusema nani kalazwa na nani kaja kutumbuiza. Nick Knox nyuma anapiga drams kama mtu anayesubiri daladala.

Nilipoitazama mara ya kwanza nilikuwa na wasiwasi. Nilijiuliza, hawa si wanawatumia wagonjwa kama mapambo? Bendi inayouza kichaa imekwenda kutafuta vichaa halisi wa kupiga nao picha. Swali hilo ni la haki na sidhani limefutika, hasa ukizingatia kwamba wagonjwa wale hakuna aliyewauliza kama wanataka sura zao zionekane duniani miaka arobaini na zaidi baadaye. Mwaka 2021 ilitoka filamu fupi kuhusu siku ile, We Were There to Be There. Lakini nikiitazama sasa ninachokiona ni kwamba katika ukumbi ule hakuna anayechekwa. Mwimbaji wa kawaida angewatuliza, angewaimbia polepole kama watoto. Huyu aliwapigia kama alivyowapigia watu wa New York. Hakupunguza kitu.

Mwaka 1979 zile rekodi za Memphis zilikusanywa kwenye santuri iliyoitwa Gravest Hits, nao wakapelekwa Uingereza kuwafungulia The Police. Halafu wakarudi Memphis na Chilton, safari hii ndani ya studio nyingine ya Sam Phillips, yule yule wa Elvis. Albamu ya kwanza kamili, Songs the Lord Taught Us, ikatoka 1980. Humo mna Tear It Up wa Johnny Burnette, mna Strychnine wa The Sonics, na mna Fever, ambao watu wengi wanaujua kwa Peggy Lee ila uliimbwa kwanza mwaka 1956 na Little Willie John, mwimbaji mweusi aliyefia gerezani 1968 akiwa na miaka thelathini tu. Kama una nafasi ya albamu moja tu ya The Cramps maishani, chukua hii.

Baada ya hapo mambo yakaharibika kwa namna mbili. Kwanza Bryan Gregory akaondoka mwaka 1980, na hakuondoka mikono mitupu, aliondoka na gari la bendi likiwa na vyombo ndani. (Zilizuka hadithi kwamba kaenda kujiunga na waabudu shetani. Kwa bendi ya aina hii, hata wizi wa gari unageuka filamu ya kutisha.) Lux na Ivy walihamia Los Angeles, wakamchukua Kid Congo Powers kutoka The Gun Club, wakatoa Psychedelic Jungle mwaka 1981, ile yenye Goo Goo Muck.

Pili, na hili ndilo lililowaumiza zaidi, wakaingia kwenye mgogoro na Miles Copeland, mwenye lebo ya I.R.S., ndugu wa mpiga drams wa The Police. Walidai hawajalipwa mirabaha yao. Wakaenda kisheria, na mpaka mwaka 1983 hawakuweza kutoa albamu mpya. Kwa bendi iliyokuwa juu wakati ule, miaka miwili ni sawa na kuzikwa.

Kuzikwa vipi? Tuangalie kilichotokea London. Mwaka 1980 P. Paul Fenech na Nigel Lewis, vijana waliotoka kwenye rockabilly ya kawaida, walianzisha The Meteors na mpiga drams Mark Robertson. Wao walirudisha besi la mbao, wakalichapa kwa kasi ya punk, wakaimba makaburi na mazimwi, na neno psychobilly likawabandika kabisa. Likawa jina la mtindo, la mavazi, la nywele zilizonyanyuliwa mbele kama jogoo, na la ile dansi yao ya kupigana viwiko. Hoteli moja ya Hammersmith, Clarendon, ikawa na usiku wao uitwao Klub Foot. Kutoka hapo ukaenea Ujerumani, Uholanzi, mpaka Japani. Watoto wa neno lile walikuwa wengi kuliko wazazi, na wazazi wenyewe walikuwa wamefungwa mdomo na kesi. Walipoulizwa baadaye, Lux na Ivy walikataa kuitwa psychobilly. Wao walisema wanapiga rock and roll, basi. Nawaelewa. Psychobilly ya Uingereza ilikuwa na kasi na ilikuwa na kelele, lakini mara nyingi ilikosa kile kitu ambacho The Cramps walikuwa nacho kwa wingi: tamaa ya mwili, ile ya polepole, inayotoka kwenye blues.

Na kitu hicho kilikuwa kwenye vidole vya Ivy. Nimesoma makala nyingi za zamani kuhusu bendi hii, na aya ya kwanza huwa ni ya Lux: kavaa viatu vya kike vya visigino virefu, kapanda juu ya maspika, kaingiza kipaza sauti chote mdomoni, suruali imepasuka. Ivy anakuja aya ya tano, na anakuja kama mguu, kama nywele nyekundu, kama macho. Waandishi wenzangu, aibu yetu. Huyu ndiye aliyekuwa anapiga gitaa la mbele usiku kucha huku mumewe akigaragara, na ukiondoa gitaa lile hakuna wimbo unaobaki. Alitunga pamoja na Lux. Kwa sehemu kubwa ya maisha ya bendi ndiye aliyekuwa meneja, yaani yule wa kupiga simu, kusoma mikataba na kudai pesa. Albamu ya A Date with Elvis ya mwaka 1986, ya kwanza kuwa na besi, besi lenyewe alilipiga yeye. Stay Sick! aliisimamia studio yeye. Katika miaka ya themanini alinunua Gretsch 6120 ya mwaka 1958, gitaa la rika la rockabilly yenyewe, na ukimwona nalo amesimama kando, kidevu juu, hana haraka, unajua ofisi ni ya nani.

A Date with Elvis inastahili neno moja zaidi, maana inaonyesha Marekani ilivyowatazama. Ulaya ilipokelewa vizuri, wakajaza kumbi. Kwao haikutolewa mpaka 1990. Bendi ya Kimarekani kuliko zote, iliyojengwa kwa santuri za Kimarekani, katuni za Kimarekani na filamu za Kimarekani, ililishwa na Waingereza. Hata wimbo wao uliofika juu zaidi, Bikini Girls with Machine Guns, ulishika namba 35 Uingereza mwaka 1990. 

Miaka ya tisini naipita haraka, kwa sababu muziki wenyewe ulianza kujirudia. Nick Knox aliondoka 1991. Wapiga besi na drams wakapishana kama abiria. Kulikuwa na albamu nzuri kiasi, Flamejob ya 1994, na kulikuwa na siku moja ya ajabu mwaka 1995 walipotokea kwenye tamthilia ya Beverly Hills 90210, katika kipindi cha sikukuu ya Halloween, wakipiga mbele ya vijana warembo wa California wenye meno meupe. Jumba la makumbusho la rock la Cleveland, mji wa Mad Daddy na Ghoulardi, linayo ngozi ya dramu aliyoipasua Lux kwa kichwa chake.

Sasa turudi kwa Arthur Crudup, kwa maana ya wale waliotunga na kusahaulika. Je, The Cramps nao hawakuwa wanafanya yale yale, kuchukua cha mtu na kung'aa nacho? Ukisikiliza vizuri hata nyimbo wanazoandika kuwa zao, utasikia mapigo ya gitaa na vipande vya wengine. Siwezi kuwasafisha moja kwa moja. Lakini kuna tofauti ambayo naiona kubwa. Elvis hakuhitaji mtu yeyote amtafute Crudup. The Cramps walitaja majina. Kila walipohojiwa waligeuka kamusi: huyu ni fulani, alirekodi mji fulani, lebo fulani, katafute. Mashabiki wakaenda kutafuta kweli, na zikatokea mfululizo wa santuri zisizo rasmi zilizokusanya nyimbo za asili walizozipiga. Zile zisizo rasmi, bila shaka, hazikumjaza mtunzi mfuko.

Ila wapo waliofaidika. Hasil Adkins aliishi Boone County, West Virginia, milimani hasa, kwenye makaa ya mawe. Alikuwa anajirekodi nyumbani tangu miaka ya hamsini, gitaa mkononi, dramu mguuni, peke yake. Hakuna aliyemtaka. The Cramps waliupiga wimbo wake She Said, ukatoka 1981. Mwaka 1986 yule Miriam Linna, mpiga drams wao wa zamani, na mwenzake Billy Miller walianzisha lebo ya Norton, na kazi yao ya kwanza ilikuwa albamu ya Adkins. Mzee akaanza kurekodi tena, akapanda majukwaa mbele ya watoto wa mjini waliojua nyimbo zake kwa moyo, mpaka alipofariki 2005. Maisha ya mtu mmoja milimani yalibadilika kwa sababu wawili fulani walifukua boksi la santuri.

Mwaka 1987 ulivuma uvumi kwamba Lux kafa kwa kuzidisha heroini. Watu walituma mashada ya maua ya msiba kwa Ivy, na marehemu yupo sebuleni. Mwaka 2003 walitoa albamu ya mwisho, Fiends of Dope Island, kwa lebo ile ile ya mwanzo, Vengeance, na wakaendelea kupanda majukwaani mpaka 2006.

Tarehe 4 Februari 2009, saa kumi na nusu alfajiri, Lux alifariki kweli katika hospitali ya Glendale, California. Mshipa mkubwa wa moyo ulichanika. Alikuwa na miaka 62, na ilikuwa miaka thelathini na saba tangu ile lifti ya Sacramento.

Bendi nyingi hapo zingetafuta mwimbaji mwingine. Jina lilikuwepo, mashabiki walikuwepo, na mwenye gitaa, ambaye ndiye mwenye sauti, alikuwa mzima. Poison Ivy aliifunga The Cramps siku hiyo. Na ule wimbo wa Ronnie Cook ulipolipuka tena mwishoni mwa 2022, ukisikilizwa na watoto ambao hawakuwa wamezaliwa Lux anafariki, hakurudi jukwaani kuupiga.